Mvua ya Chuma na Wifi Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na paa la ofisi limeendelea pale pale lilipoishia mwaka jana: tone moja juu ya printa, jingine juu ya kiti cha wageni. Printa nimeisogeza. Kiti nimekiacha, kwa sababu wageni wetu wengi huja kuuliza nyota zao zinasema nini kuhusu ndoa, na sisi hatufanyi kazi hiyo.

Nimeamua kuandika mpaka mvua ziishe. Msimu uliopita nilifanywa mjinga, na safari hii nataka niwe na kumbukumbu ya nani alifanya nini na siku gani.

Kitengo chetu kina watu wanne. Kuna Mkuu. Kuna Bwana Subira, ambaye wazazi wake walimpa jina zuri tu, lakini kila ukimuuliza jambo anajibu "subira", basi likamganda. Kuna mimi. Na kuna wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, aliyenitafutia kazi hii na kabla ya hapo akanitafutia mume. Meza yake na yangu zinatazamana. Nikiinua macho namwona yeye, akiinua macho ananiona mimi, na jioni nikirudi nyumbani nakuta pua yake usoni kwa mume wangu.

Tunachunguza sayari moja ya gesi, kubwa kupita Mshtarii, inayozunguka nyota iliyo mbali mno. Sayari yenyewe hatujawahi kuiona. Tunachoona ni nyota yake ikififia kidogo kila sayari inapokatiza mbele yake. Mwanga wa nyota unapenya kwenye ukingo wa hewa ya sayari, na kila kitu kilichomo hewani kinakula rangi yake. Sisi tunatazama rangi zilizoliwa, tunasema nani kala. Sayari ina namba ndefu kuliko ya simu. Sisi tunaiita Jungu.

Jumanne, 4 Machi

Niandike pia kuhusu kiinimacho, maana ndicho chanzo cha yote.

Kila msimu Mkuu humteua mmoja wetu kwa siri. Mteule anapewa takwimu kabla yetu, na ana ruhusa ya kuchomeka ndani yake kitu cha uongo, ndicho tunachokiita kiinimacho: mvuke usiokuwepo, wingu lisilokuwepo. Anaweza pia asichomeke kitu. Mkuu mwenyewe haambiwi kilichochomekwa. Mwishoni kila mtu anasema ameona nini, anajifunga na neno lake, ndipo mteule anasimama na kusema ukweli. Lengo si baya. Mtu anayetamani sana kuona kitu atakiona tu, kiwepo kisiwepo, na dawa yake ni kumtia shaka mapema. Masharti ni mawili: mteule hasemi, hata kwa mwenzi wake, na wengine hawaulizi.

Msimu uliopita niliona maji. Nililia kwa furaha mbele za watu. Nikajifunga na neno langu, nikaleta keki. Bwana Subira akala vipande viwili, akafuta mdomo, akasimama, akasema maji ni yake. Tangu siku hiyo naitwa Mama Maji, hata na mlinzi wa getini.

Mvua kutwa.

Jumatano, 5 Machi

Takwimu mpya zimefika. Wifi alinitangulia ofisini. Wifi, ambaye huwa anafika na kikombe chake mkononi wakati sisi tumeshamaliza cha kwanza! Nimeandika tu.

Alhamisi, 6 Machi

Mkuu amegawa kazi. Wifi anatafuta maji, Bwana Subira anapima joto na upepo, mimi nimepewa metali: chuma, potasiamu, sodiamu na ndugu zao. Nimeshukuru kuponea maji.

Mkuu ametukumbusha kwamba kuna kundi la nchi nyingine, lina darubini yake, nalo linalitazama Jungu hilo hilo. "Wakitutangulia," alisema, "jina litakuwa lao na sisi tutakuwa wapiga makofi." Alisema akitutazama sote, lakini mimi ndiye niliyehisi kuguswa. Nina miaka kumi na moja kwenye kazi hii na sijawahi kugundua kitu kikaitwa changu.

Jumatatu, 10 Machi

Umeme ulikatika, tukala kwa mshumaa. Mume wangu ni fundi bomba, na kila kitu anakipima kwa bomba.

"Hilo Jungu lenu lina maji?"

"Usinianze."

"Nauliza tu, Mama Maji. Ukishuka huko unakanyaga nini?"

"Hukanyagi kitu. Hakuna chini. Unakuta gesi, halafu gesi nzito zaidi, halafu nzito kuliko hiyo, inakubana mpaka umekwisha kabla hujafika popote."

"Jungu kuu halikosi ukoko."

"Hili limekosa."

Alicheka mpaka mshumaa ukazimika. Nikamweleza gizani. Jungu limeikaribia nyota yake mno, kiasi kwamba upande mmoja unaitazama nyota daima na mwingine umeipa kisogo daima. Upande wa mchana una joto la kugeuza chuma kuwa mvuke. Si kukiyeyusha, kukigeuza mvuke. Upepo unatoka huko kwenda upande wa usiku kwa kasi ambayo ndege yoyote ya abiria ingeachwa mbali. Na usiku wenyewe, unaoitwa baridi kwa heshima tu, ungeyeyusha kila sufuria niliyo nayo jikoni.

"Na mvuke wa chuma ukifika kwenye baridi?" aliuliza fundi bomba wangu.

Hilo ndilo swali, nikamwambia. Hakuna aliyelijibu kwa Jungu bado.

Ijumaa, 14 Machi

Wifi ameingia kwa Mkuu, mlango ukafungwa. Ametoka uso wake hausomeki. Nilipomuuliza kuna nini akasema, "Likizo." Likizo yake aliichukua Januari.

Jumapili, 16 Machi

Tumekula kwa wifi kama kawaida. Alinipakulia nyama nyingi kuliko zangu za siku zote. Mume wangu hakuliona hilo, mimi nililiona.

Jumanne, 18 Machi

Mvua. Ndoo ya pili imeletwa ofisini.

Jumatatu, 24 Machi

Chuma kipo. Si ajabu, tulikitarajia. Lakini kimekaa vibaya kidogo kwenye mchoro, kimeelemea upande mmoja. Nitaangalia tena.

Wifi anageuza kioo cha kompyuta yake ninapopita kwenda kumwaga ndoo. Nimeanza kumwaga ndoo mara nyingi zaidi.

Ijumaa, 28 Machi

Leo sijui nianzie wapi.

Jungu linapokatiza mbele ya nyota, tunapata mwanga kutoka kingo zake mbili. Ukingo mmoja ni wa jioni, ambako hewa ya mchana inaingia usiku. Mwingine ni wa asubuhi, ambako hewa ya usiku inatoka kwenda mchana. Kwa kuwa Jungu linajizungusha, ukingo mmoja unatujia na mwingine unatukimbia, rangi zinahama kidogo, na hapo mtu mwenye uvumilivu anaweza kuzitenganisha. Nimezitenganisha.

Kwenye ukingo wa jioni chuma kipo, tele. Kwenye ukingo wa asubuhi hakipo.

Kinaingia usiku na hakitoki. Basi kinakwenda wapi? Hakuna mlango mwingine. Kinapoa humo ndani, kinakuwa matone, kinanyesha. Kuna mvua ya chuma huko, mvua ya chuma kilichoyeyuka, inayonyesha gizani bila kukoma, haina ardhi ya kuangukia, inazama mpaka kwenye joto la chini na kurudi kuwa mvuke. Na mimi, nikiwa na soksi zilizolowa, ndiye wa kwanza kuijua.

Nilimwonyesha Bwana Subira. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama tena. Hakusema "subira". Alisema, "Ewe mama." Kisha akasema upepo alioupima yeye unatosha kabisa kuubeba mvuke huo. Tukashikana mikono kama watu waliokutana msibani.

Wifi alikuwa mezani kwake. Aliuliza, "Mmepata nini?" Nikamwonyesha. Alitazama muda mrefu, akaniangalia mimi, akatazama tena mchoro. Uso ulimbadilika. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Hongera, wifi yangu," akaenda kuchota maji ya kunywa na hakurudi kwa muda.

Nina furaha. Naiandika ili nisije nikaikana: nina furaha kuliko siku ya harusi yangu.

Jumapili, 30 Machi

Kwa nini uso ulimbadilika?

Jumatano, 2 Aprili

Sijalala vizuri. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi nimeshaumwa, tena mbele ya keki.

Nimekaa nikapanga mambo. Siku takwimu zilipofika, wifi alikuwa wa kwanza ofisini. Alijifungia na Mkuu, akanidanganya kuhusu likizo. Anageuza kioo. Ananipakulia nyama kama mtu anayelipa kosa ambalo hajalifanya bado. Na nilipomwonyesha chuma changu akabadilika uso. Kuchomeka kitu kwenye takwimu ni kazi, lakini kufuta ni rahisi. Mtu anaweza kukifuta chuma cha asubuhi akakiacha cha jioni, akakaa kusubiri Mama Maji aje na keki nyingine.

Kikulacho ki nguoni mwako. Tena changu mimi kinanitazama kutwa nzima, mita mbili kutoka puani.

Jumatatu, 7 Aprili

Leo nimetega. Wakati wa chakula cha mchana nilisema kwa sauti, "Nasikia msimu huu Mkuu hakuteua mtu." Bwana Subira aliacha kijiko hewani. "Nani kasema?" Wifi aliendelea kumenya chungwa lake, ganda moja refu bila kukatika. Hakushangaa hata kidogo. Asiyeshangazwa na habari ni yule mwenye habari kamili.

Ni yeye. Nimeshajua ni yeye.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimevunja sharti. Bwana Subira alikuwa ametoka, mvua inapiga mabati, hatukuweza kusikiwa na mtu.

"Wifi," nikamwambia, "ni wewe?"

Hakuuliza ni wewe nini. "Usiniulize."

"Nakuuliza kama wifi yako, si kama mtu wa ofisini."

"Kama wifi yangu ndiyo kabisa usiniulize."

"Kwa hiyo ni wewe."

Aliweka kalamu chini. Macho yake yalikuwa mekundu, nikadhani ni mafua, watu wengi wana mafua. "Nisikilize," akasema. "Iamini kazi yako. Mchoro ule angekuletea mtu mwingine, ungeuamini siku ile ile."

"Wewe unataka niuamini?"

"Nataka uiamini kazi yako. Sina jingine la kusema, na hata hilo nimelisema kwa kuiba."

Nikarudi mezani kwangu nikiwa nimechemka. Yaani mtu anachimba shimo, analifunika majani, halafu anakukaribisha upite hapo kwa sauti ya upole! Mume wangu alipouliza jioni mbona nimenuna, nikamwambia dada yake ana roho ngumu. Akasema, "Dada yangu? Alikuwa analia kuku wetu wakichinjwa." Nikamwambia watu hukua.

Jumatano, 16 Aprili

Mkuu alituita kabla ya kusafiri. Si kujifunga rasmi, hilo litafanyika akirudi. Alitaka tu kujua tumefika wapi. Bwana Subira akaeleza upepo wake. Wifi akasema hajaona maji. Ikafika zamu yangu.

"Sijaona kitu kipya," nikasema.

Bwana Subira aligeuka na kiti chake. "Na chuma? Si ulinionyesha? Mkuu, ana mvua ya chuma huyu!"

"Kile ni kiinimacho."

Mkuu aliniangalia juu ya miwani. "Una uhakika nacho?"

"Nina uhakika na aliyekiweka."

"Hilo silo nililouliza."

"Naomba nisiseme zaidi. Nitajifunga kwamba sijaona kitu."

Bwana Subira alinisihi kweli kweli. Alisema sayari haina habari na ugomvi wetu. Alisema wale wenzetu wa nje hawalali. "Subira," nikamwambia, na hakucheka. Wifi alikuwa amesimama. Alifungua mdomo, akamtazama Mkuu, akaufunga. Akatoka, akaenda kusimama barazani, mvua ikimrushia manyunyu, mpaka kikao kikaisha.

Maigizo, nikajiambia. Mtego umekosa mnyama, mwenye mtego analia.

Nilitembea kwenda kituoni nimeinua kichwa. Niliona nimeshinda.

Jumanne, 22 Aprili

Mume wangu amekataa kula mpaka nimwambie dada yake amenifanya nini. Nikasema siwezi, ni mambo ya kazi. Akasema amemuuliza na yeye, naye kajibu vivyo hivyo, kwa maneno yale yale. "Sasa mimi niko katikati ya mabomba mawili yaliyoziba," akasema, "na hakuna anayeniambia kuna nini ndani." Alikula baadaye, jikoni, amesimama.

Jumapili hatukwenda kwa wifi. Ni mara ya kwanza.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua imepasua ukuta wa nyuma. Vyura ofisini.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimerudia hesabu, kwa ajili ya kujiridhisha tu. Takwimu ni za mara tatu Jungu lilipokatiza. Chuma cha asubuhi kinakosekana mara zote tatu, lakini hakikosekani sawasawa. Mara ya kwanza kimekwisha kabisa, ya pili kimebaki kidogo, ya tatu kimebaki kidogo zaidi ya hapo, vile vile ambavyo mvua ya kweli hutofautiana siku na siku. Mtu anayefuta kwa mkono angefuta kwa kipimo kimoja.

Nililitazama hilo kwa muda mrefu sana. Kisha nikaelewa. Wifi yangu ana akili kuliko nilivyodhani.

Jumatatu, 5 Mei

Mkuu amerudi. Alhamisi tunajifunga. Wifi amenisalimia, "Habari za asubuhi," nami nikamjibu, "Nzuri." Ndiyo mazungumzo yetu yote ya siku nyingi.

Alhamisi, 8 Mei

Niandike polepole.

Tulikaa wanne, ndoo mbili zikilia kwa zamu. Bwana Subira akajifunga na upepo wake. Wifi akajifunga kwamba hakuna maji. Mkuu akanigeukia, akaniuliza mara mbili, jambo ambalo si kawaida yake. Nikajifunga: metali ninazozitafuta, sijaona kitu cha kutangaza. Chuma kilichoelemea jioni ni kiinimacho.

"Haya," akasema Mkuu. "Mteule asimame."

Wifi akasimama. Nikaegemea kiti. Nilikuwa nimeandaa mpaka tabasamu.

"Ni mimi," akasema. "Niliweka potasiamu. Mkatizo wa pili, kingo zote mbili, kiasi kikubwa tu. Nilidhani ataiona wiki ya kwanza." Hakunitaja. Potasiamu ilikuwa kwenye fungu langu. Sikuwa nimeitafuta. Tangu Machi nilikuwa natafuta uso wake.

"Na chuma?" nikauliza.

"Chuma sikukigusa."

Bwana Subira alijishika kichwa. Wifi alikuwa bado amesimama, machozi yanamtiririka waziwazi, na safari hii hata mimi sikuweza kuyaita mafua.

"Siku uliponionyesha," akasema, "nilijua palepale mvua yako ni ya kweli, kwa sababu mimi ndiye mtu pekee duniani aliyejua nilichoweka. Nikataka kukukumbatia. Nikaogopa ukiona nimefurahi sana utajua, na ukijua umeharibika mpango wa watu wote. Nikaenda kujificha msalani. Tangu hapo nakutazama unaizika kwa mikono yako, na mimi nimeapa kunyamaza."

Nilitaka ardhi ipasuke. Nilikumbuka kwamba huko Jungu haipo hata ya kupasuka.

Mkuu alisema neno lililofungwa halifunguliwi, ndiyo desturi, na rekodi ya msimu itabaki hivyo. Ila hakuna desturi inayotukataza kuanza upya kesho asubuhi kwa takwimu safi, na kuandika mbio.

Ijumaa, 9 Mei

Tumeanza. Wifi ameleta nakala safi, isiyochomekwa kitu. Chuma kimekaa vile vile nilivyokikuta Machi. Tumezungumza kazi tu. Bwana Subira ameleta mkate na maharage, akanikatia kipande cha kwanza. Nina aibu ambayo sijui niishike upande gani.

Jumatatu, 12 Mei

Kurasa tisa zimekwisha. Zimebaki michoro. Mvua imepungua, leo ndoo moja imetosha.

Jumanne, 13 Mei

Wametangaza.

Bwana Subira ndiye aliyekuja na simu mkononi, akaiweka mezani kwangu taratibu. Kundi la nchi nyingine. Chuma jioni, asubuhi hakuna, mvua ya chuma upande wa usiku. Wametumia darubini yao, wamepata jibu langu. Walianza kuandika mwishoni mwa Aprili, yaani wakati mimi nilipokuwa na hesabu mkononi nikisifu akili za wifi yangu.

Sekunde ya kwanza nilimtazama Bwana Subira nikijiuliza nani aliwaambia. Sekunde ya pili nilijionea kinyaa.

Mkuu amesema tutatoa yetu kama uthibitisho. "Uthibitisho nao ni kazi," alisema. Ni kweli. Ni kazi ya wapiga makofi.

Nilikwenda barazani, pale alipokuwa amesimama wifi siku ile, nikalia. Hakuna aliyenifuata, na nilishukuru.

Alhamisi, 15 Mei

Jua. Mlinzi wa getini ameniita Mama Chuma. Nani kamwambia? Sitaki kujua. Najizoeza kutotaka kujua.

Jumapili, 18 Mei

Nimemwambia mume wangu kila kitu, siri haipo tena. Alisikiliza, akasema, "Kwa hiyo yeye hakuruhusiwa kusema, na wewe hukuruhusiwa kuuliza, na nyinyi ndio mnaojiita wasomi." Kisha akavaa viatu. "Twende kwa dada."

Sikutaka. Nikaenda.

Wifi alikuwa jikoni. Mume wangu akakimbilia bomba la sinki ambalo halikuwa na tatizo lolote, kisha akakumbuka ameacha kitu nje. Tukabaki wawili. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi njia nzima, nayo yote yakanitoka kichwani, likabaki lalamiko. Ndivyo nilivyo.

"Ungeniambia," nikasema. "Neno moja tu. 'Siyo yangu.' Mkuu asingejua, Subira asingejua. Mimi ni wifi yako. Jina lingekuwa letu leo."

Aliendelea kukatakata nyanya mpaka ikaisha, akaisukuma pembeni kwa kisu.

"Ningekuambia siyo yangu," akasema, "ungeniamini?"

Nilifikiri. Nakiri hapa, ambako hakuna wa kunisikia, kwamba nilifikiri kwa haki kabisa. Niliona asubuhi ile ya Aprili, mvua juu ya mabati, na yeye ananiambia siyo yangu. Niliona jinsi ambavyo ningerudi mezani kwangu nikicheka moyoni, nikiwa na uhakika zaidi kuliko mwanzo.

"Ningekuamini," nikamwambia.

Alinitazama. Ule mwanzo wa kicheko chake, ambao sikuwa nimeuona tangu Machi, ukamwanzia puani.

"Muongo mkubwa wewe," akasema, akanipa kisu na vitunguu.